Redio Inayoishia Tisini

Irfan alivua viatu kwanza. Alivipanga pembeni mwa mlango, juu ya changarawe iliyolowa, ndipo akaingia kichwa mbele chini ya dashibodi ya ile IST nyeupe, tochi ameiuma mdomoni. Sajenti Lea wa upelelezi alisimama nje amejikunyata ndani ya koti, manyunyu ya Iringa yakimpenya shingoni. Askari wawili waliokuwa wakikatiza uwanja wa kituo walizitazama soksi za yule mfanyabiashara wa magari, wakacheka.

"Chekeni tu," Irfan akasema kutoka huko chini. "Gari la kununua unaliingia kama msikiti."

"Yaani bado unalitaka?" Lea akamuuliza. "Gari hili limeua mtu, Irfan."

"Dereva ndiye aliyeua, dada. Gari halina kosa. Na Mama Kasian alishaniahidi kabla ya haya yote."

"Haya, kazi niliyokuitia. Redio imewahi kutolewa?"

Mwanga wa tochi ulicheza humo ndani. "Sioni. Skrubu hazijachubuka. Hakuna waya uliokatwa, hakuna utepe mweusi. Soketi ya kiwandani iko vilevile."

"Kwa hiyo haijatolewa."

"Sijasema haijatolewa, nimesema sioni." Irfan akajivuta nje, akaketi kwenye kiti cha dereva akifuta mikono. "Fundi mbovu anakata waya za gari, anaunga anavyojua. Mimi nikiziona, nashusha bei hapohapo. Fundi mzuri anatumia soketi ya kati. Upande mmoja inaingia kwenye redio mpya, upande wa pili kwenye soketi ya gari, kisu hakigusi kitu. Redio ya zamani unaenda kuilaza nyumbani. Siku ya kuuza anachomoa, anairudisha ya Mjapani, gari linakuwa kama limeshuka melini jana. Wewe hutajua na mimi sitajua."

Lea hakuyapenda maneno hayo. Ni yaleyale aliyoambiwa mahabusu kule Mbeya na kijana anayeitwa Anord, fundi redio wa Mwanjelwa, huku ameshika nondo za mlango kwa mikono miwili. Afande, kazi yangu haionekani, alisema. Hiyo ndiyo sifa yangu mjini. Sasa sifa hiyo ilikuwa imemfungia mlango.

"Na kwenye buti? Zulia lina alama ya mraba."

"Inaweza kuwa sabufa. Inaweza kuwa kreti. Mama Kasian anauza soda jumla, asibebe kreti kwa nini?"

Irfan akafungua redio. Ilikwaruza. Akazungusha kitufe, namba zikapanda polepole, kisha zikarudi zilikoanzia.

"Imeharibika?"

"Nzima kabisa. Ya Japani hii, mwisho wake tisini. Redio zetu za hapa mjini zote ziko juu huko, mia na kitu. Haizifikii. Ndiyo maana vijana hawaitaki, ukiwa nayo unasikiliza CD au unasikiliza mvua."

"Sasa nani anaipenda?"

"Mimi. Siipendi kwa kuisikiliza, naipenda kwa kuikuta ipo." Akavaa viatu vyake, akafunga kamba taratibu. "Mkimaliza kesi, nipigie."

Aliondoka akiruka madimbwi. Lea akabaki na gari lisilosema kitu.

Kitu alichokitafuta kilikuwa kidogo tu: nani alishika usukani Ijumaa jioni. Jioni hiyo, Ruaha Mbuyuni, msichana aitwaye Faustina alikuwa akivuka barabara kuu na ndoo ya vitunguu kumpelekea mama yake upande wa pili. IST nyeupe ikamgonga, haikusimama. Akina mama waliouza pale walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Wote walieleza jambo moja: gari lilikuwa likipiga muziki ambao haujawahi kupita barabara ile. Walisema nyavu za vitunguu zilizotundikwa kwenye miti zilianza kutikisika kabla gari halijaonekana. Walimpigia dereva kelele, wakampungia khanga. Hakugeuza hata shingo.

Kipande cha kioo cha taa kilichookotwa kwenye lami kiliingia kwenye taa iliyovunjika ya gari hili kama jino kwenye ufizi wake. Kuhusu gari hakukuwa na ubishi. Lilikutwa Mbeya, uani kwa Anord, polisi wakalileta Iringa.

Kasian, mtoto wa mwenye gari, aliandika maelezo kwamba alimwachia Anord gari tangu Alhamisi kwa sababu spika ya mlango ilikuwa ikikoroma, yeye akalala kwa shangazi yake hukohuko Mbeya. Anord aliapa kwamba gari lililetwa Jumamosi asubuhi. Alisema Kasian alimtaka atoe redio ya skrini na sabufa alizomfungia mwenyewe wakati wa Pasaka, arudishe redio ya mwanzo, na asimwambie mtu. Vifaa hivyo Kasian aliondoka navyo kwenye basi. Neno la mmoja juu ya neno la mwenzake, na gari lilikutwa kwa fundi.

Mkuu wake Lea alikuwa ameshachagua. "Fundi alifunga muziki wa dukani kwake akaenda kutamba na gari la mteja," alimwambia Lea kwenye simu asubuhi hiyo. "Mafundi si ndiyo tabia yao? Kesho anapanda kwa hakimu."

"Kampuni ya simu haijaleta taarifa za Kasian, afande. Nipe mpaka zije."

"Zikija zitamkuta fundi gerezani. Lea, familia ya marehemu inalia mlangoni kwangu kila siku. Kesho."

Kijana akishapelekwa mahabusu ya gereza na kesi ya kuua barabarani, kurudi ni kazi nyingine. Faili linalala, shahidi anahama, mama mtu anauza ng'ombe wa mwisho kwa nauli. Lea aliwahi kuona.

Alikuwa bado amesimama hapo aliposikia sauti ikimwita. Mama Kasian aliingia getini na mwavuli, kitenge cheusi begani, mwanawe nyuma yake. Alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa haraka, wa wale wanaofungua duka kabla kuku hawajashuka.

"Kamwene, afande."

"Kamwene, mama. Pole tena na msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu. Kaka yangu Joachim tumemzika Kilolo, mvua hiyohiyo. Sasa gari letu mnatuachia lini? Mnunuzi ataghairi."

"Tuingie ndani ya gari, mnalowa. Nina maswali machache, tukiwa humo mtanionyesha na gari lenyewe."

Kasian akasita. Alikuwa kijana mrefu, nywele zimechongwa vizuri, jaketi jepesi lisilofaa kwa baridi ile. Mama yake akamsukuma kiwiko. Kasian akakaa kwenye usukani, mama kando yake, Lea akaingia nyuma, katikati, ambapo aliwaona wote wawili na wao hawakumwona vizuri. Milango ikafungwa. Mvua ikaongezeka juu ya bati la gari na vioo vikaanza kufunga ukungu.

"Fungueni kidogo dirisha," Kasian akasema.

"Acha, maaskari watasikia mambo yetu," mama akamjibu.

Lea akatoa kalamu. "Kasian, simu unayo moja?"

"Moja tu, afande."

"Namkataza mimi," mama akadakia. "Mwanaume mwenye simu mbili ana wanawake wawili. Hata hiyo moja nataka aipokee kabla haijalia mara ya tatu."

"Na gari hili, mama, tangu ulinunue limewahi kubadilishwa chochote?"

"Kamwe!" Mama Kasian akageuka nusu. "Mimi nimepigana na huyu tangu gari linafika. Mama tuweke skrini, mama tuweke mziki. Nikamwambia, siku utakayogusa hiyo dashibodi ndiyo siku utakayohama kwangu. Gari likishachokonolewa nani atakupa bei? Redio ni ileile iliyotoka nayo Japani na inafanya kazi vizuri tu."

"Unaisikilizaga?"

"Mimi? Nina muda huo? Anasikiliza huyu. Hata msiba wa mjomba wake kausikia humu humu."

Kasian akakohoa. "Mama, afande kauliza gari."

"Si namjibu? Mnadhani mwanangu ni mhuni, ngoja nikwambie ni mtu wa namna gani." Sauti ya mama ikalainika. "Sisi kwetu mtu akiwa safarini humpigii simu kumwambia fulani amefariki. Atapata ajali. Unamwacha afike. Basi nilinyamaza. Lakini familia ilikuwa imeshapeleka tangazo redioni, na huyu akalisikia. Ijumaa, mchana umeshageuka. Akanipigia analia kama mtoto. Mama, wamemtaja mjomba. Nami kwa simu nikalisikia tangazo lenyewe linasomwa, mzee Joachim wa Kilolo, watoto wake, wajukuu, mpaka mkwe wa Makambako. Sauti ya yule binti mtangazaji naijua. Ilikuwa inanguruma mpaka simu inatetemeka sikioni. Mtu anayemlilia mjomba hivyo ndiye aue mtoto wa watu akimbie?"

Mvua ilipiga. Lea hakuandika kitu.

"Redio ipi hiyo, mama?"

"Yetu ya hapa mjini. Mia na mbili. Matangazo ya vifo si wanasoma wao?"

"Na Kasian alikuwa wapi?"

"Aliniambia yuko Mbeya kwa shangazi yake, kakaa garini."

Kwenye maelezo ya kijana, Ijumaa hiyo gari lilikuwa kwa fundi. Lea akainama mbele, mkono katikati ya viti viwili. "Kasian, tufungulie hiyo redio. Tupeleke mia na mbili."

Kijana hakusogea. Mama yake ndiye aliyegeuza ufunguo hatua moja na kuanza kukizungusha kitufe kwa vidole vyake vinene. Themanini na tano. Themanini na nane. Tisini. Namba zikaanguka, zikaanza upya sabini na sita.

"Mbona inarudi?"

"Jaribu tena, mama."

Akajaribu tena. Ikarudi tena. Akapiga redio kofi dogo kama anavyopigwa mtoto mbishi. "Imeharibika. Polisi mmeiharibu."

"Haijaharibika. Za Japani zinaishia hapo, tangu kiwandani. Redio hii haijawahi kutoa tangazo la msiba la hapa mjini, wala haitatoa."

Mama Kasian akamtazama mwanawe. Kasian akatazama kioo cha mbele ambacho hakikuonyesha kitu.

"Ilikuwa redio ya shangazi," akasema. "Nilikuwa sebuleni. Mama kachanganya."

"Mbeya?" Lea akauliza.

Aliyejibu ni mama, taratibu, kama mtu anayejisemea. "Mbeya haifiki. Nikienda kwa wifi yangu, pale Mafinga tu inaanza kukwaruza."

"Mtandaoni, basi! Nilikuwa nasikiliza kwenye simu. Siku hizi redio zote ziko kwenye simu, mama, wewe hujui."

"Simu ipi?" Lea akasema. "Ile uliyokuwa unampigia mama? Ukipiga, redio yake si inanyamaza?"

Kasian akashusha kioo cha dirisha kidogo, manyunyu yakaingia, akakipandisha tena. Shingo yake ilikuwa imelowa na haikuwa mvua.

"Sawa," akasema. "Sikuwa Mbeya. Nilimdanganya mama. Nilikuwa huku Iringa, na rafiki yangu Shedrack, ndani ya gari lake. Gari lake lina mziki mkubwa. Hili letu lilikuwa kwa fundi tangu Alhamisi, kama nilivyoandika. Kosa langu ni kumdanganya mama, afande. Hilo tu."

Lilikuwa jibu zuri, na Lea alilijua kuwa zuri. Shedrack angetafutwa, angekubali kumwokoa rafiki yake, au angekana, na kesho ingekuwa imeshapita. Anord angekuwa upande wa pili wa ukuta wa gereza. Aliona ufa mmoja tu, na hakuwa na hakika nao. Mama aliyelea mtoto wa kiume mmoja husikiliza simu kwa masikio yote mawili. Husikia upepo, chupa, kicheko cha msichana, na hayo huyakumbuka kuliko maneno yaliyosemwa.

"Nimekuelewa," Lea akasema. "Basi tumalize. Washa gari nisikie injini, niandike kwamba linawaka, mnunuzi asije akasumbua."

Kasian akashusha pumzi. Akageuza ufunguo mpaka mwisho. Injini ikashika, na palepale, kwa kuwa hakuna aliyefunga mkanda, kengele ndogo ikaanza kulia kwenye dashibodi, nyembamba, ya haraka, isiyochoka.

"Funga mkanda, mwanangu, gari linakuli..." Mama Kasian akasema, kisha akajishika mdomo.

Kengele iliendelea kulia. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Siku ile ulimwambia hivyohivyo," Lea akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye simu."

Mama akautazama mkanda unaoning'inia kando ya mwanawe.

"Uliisikia kengele hii nyuma ya tangazo. Si ya Shedrack. Ni hii."

"Magari yote yanalia hivyo!" Kasian akapaza sauti. Akazima gari. "Mama, sema hukumbuki. Ulikuwa unalia msiba, utakumbukaje? Mwambie afande hukumbuki."

"Kasian."

"Mwambie tu, mama."

Lea akauweka wazi mzigo wenyewe, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kuufanya mwepesi. "Mama, sitakudanganya. Leo hii nina neno lako peke yake. Ukisema hukusikia kitu, mimi sina la kumpelekea mkuu wangu, na kesho yule fundi anapelekwa kwa hakimu. Ukisema ulisikia, basi Ijumaa gari lako lilikuwa huku, na mwanao ndani yake, na redio nyingine kwenye hilo tundu. Hakuna njia ya katikati."

Mama Kasian alikuwa ameshika mpini wa mlango, ila hakuuvuta. Kitenge kilikuwa kimemdondoka begani.

"Huyo fundi ana mama?"

"Anaye. Ametoka Tukuyu. Anakaa nje ya kituo kule Mbeya, maaskari wanamfukuza anarudi."

"Anampelekea chakula?"

"Kila siku. Ndizi."

Mama akatikisa kichwa mara nyingi, polepole. Kisha akamgeukia mwanawe, na aliyomuuliza hayakuwa ya redio wala ya gari.

"Wale kina mama walipiga kelele. Nimesikia watu wanasimulia sokoni. Wewe hukusikia?"

Kasian akaweka paji la uso juu ya usukani. Maneno yake yalitoka yamebanwa huko chini. "Sikusikia kitu, mama. Nilikuwa nimefungulia mpaka mwisho, nisimfikirie mjomba. Vioo juu. Nilihisi tu gari limegonga kitu. Nikasema ni mbuzi. Mpaka nafika Ilula nilikuwa nasema ni mbuzi."

"Ungesimama ukaangalia mbuzi."

"Niliogopa, mama. Niliogopa utajua nimefungua dashibodi."

Mama Kasian alitoa mlio mfupi, kama aliyechomwa na mwiba wa samaki. Akaweka mkono juu ya mgongo wa mtoto wake, akaupapasa, na alipoongea na Lea hakumtazama.

"Andika, afande. Nilisikia tangazo, na nilisikia hiyo kengele. Nikamwambia afunge mkanda. Andika nitie sahihi kabla moyo wangu haujageuka."

Lea akaandika juu ya goti. Ukungu wa vioo ulifanya mwanga kuwa hafifu, akalazimika kuinamisha karatasi. "Vifaa viko wapi, Kasian?"

"Stoo. Nyuma ya magunia ya viazi. Vimefungwa kwenye blanketi lilelile lililokuwa na redio ya zamani."

Mama akasoma maelezo akifuatisha kwa kidole, midomo ikitembea. Akatia sahihi. Lea akatoka, akazunguka, akamfungulia mlango. Mama Kasian akasimama mvuani bila kufungua mwavuli, akamtazama askari aliyekuwa akija kumchukua mwanawe, kisha akatazama lile jaketi jepesi.

"Huko ndani mnawapa blanketi?"

"Ndugu ndiyo huleta, mama."

"Basi nakwenda kuleta. Msimwingize kabla sijarudi, nyumbani si mbali." Akaanza kwenda, akageuka. "Umenisikia, afande? Msimwingize."

Lea alikuwa ameshaweka simu sikioni, ikiita kituo cha Mbeya, alikofungiwa Anord.